Shangazi Ndoo na Mageti ya Njia ya Mto

Tarehe thelathini ya mwezi huu, Mkuu wa Kitengo cha Njia za Miguu atarudisha buti zake stoo na kustaafu, baada ya miaka thelathini na nne ya utumishi katika Idara yetu ya Bustani na Njia. Buti hizo ni jozi ya ngapi, hakuna anayejua. Mtunza stoo anasema mama huyu alikuwa akimaliza soli wakati wenzake hata kamba hawajabadilisha, na kwamba kwa hilo peke yake anastahili ama nishani ama onyo.

Kwenye barua za ofisi ana jina na cheo. Sisi tunamwita Shangazi Ndoo, na hata mkurugenzi humwita hivyo akijisahau mbele ya wageni. Nimeombwa kuandika wasifu huu kwa sababu nimekaa naye kazini kuliko wengi waliobaki, nikiwa upande wa kitalu cha miche na bustani za maua. Aliyeniomba hakukumbuka kwamba watu wa maua na watu wa njia hawapikiki chungu kimoja. Sisi tunapanda ili watu wasikanyage, wao wanafyeka ili watu wakanyage. Kwa hiyo msomaji akiona mahali nimemsifu mno, ajue imenitoka kwa shida.

Aliajiriwa kama kibarua wa kufyeka. Msimamizi wa wakati huo alimpa kipande kibaya kuliko vyote, ile njia ya bondeni yenye upupu na matope, akitegemea kwamba binti atakimbia kabla ya mwisho wa wiki. Wiki iliisha, binti yupo, anajikuna na kufyeka. Baadaye alipelekwa kujenga vivuko vya mbao, kisha kuchimba mifereji ya kutoa maji njiani, kisha akawa msimamizi wa zamu, na mwishowe mkuu wa kitengo. Hakuruka ngazi hata moja. Ndiyo maana kibarua akimwambia udongo wa mahali fulani hauchimbiki, alikuwa akivua saa ya mkononi na kuomba sururu.

Kuna jambo lazima nilieleze hapa kwa sababu akisimama kujibu hotuba atalieleza kwa namna yake. Niliwahi kupanda waridi katika pembe ya bustani kuu, mahali ambapo watu walikuwa wakikatiza kwenda kituo cha basi. Wakazikanyaga. Nikapanda tena, nikaweka kamba. Wakaruka kamba. Nikaweka kibao cha kuwaomba wastaarabike, na asubuhi nikakikuta kimelala kifudifudi juu ya waridi. Shangazi akaja, akatazama, akaniambia kwa upole wa kuudhi, “Ndugu yangu, hawa hawakuchukii wewe. Wanachelewa basi.” Wiki iliyofuata pakawa na njia ya kokoto hapo, na waridi zangu zikahamishwa kando yake. Zimestawi vizuri sana, naomba mtu asimwambie.

Sasa ndoo. Kwa muda mrefu idara ilikuwa ikiweka mageti kwenye njia zake kwa kufuata mchoro tu. Shangazi alipokabidhiwa kazi hiyo alileta utaratibu wake. Geti likitoka karakana na kusimikwa, alijitwika ndoo iliyojaa maji hadi ukingoni, akatembea mwendo wa kawaida, akalisukuma geti kwa kiwiko na kupita. Maji yakimwagika begani, geti linarudi karakana. Hoja yake ilikuwa kwamba anayetumia njia za miguu hapiti mikono mitupu. Ana furushi la nguo, ana kapu la sokoni, ana mtoto mgongoni na mwingine anamvuta sketi. Geti linalodai mikono miwili, alisema, limetengenezwa na mtu asiyebeba kitu.

Aliyekuwa akirudishiwa mageti hayo ni fundi wa kuchomelea wa karakana yetu, tunayemwita Fundi Cheche. Geti la kwanza lilirudi, bawaba nzito. La pili likarudi, komeo liko juu mno. La tatu nalo likarudi, ingawa vibarua waliokuwepo wanaapa kwamba siku ile hakuna tone lililomwagika. Fundi alilipokea bila kunung'unika, akalifuta vumbi, akamwandalia mkaguzi kiti. Mwaka uliofuata tukala pilau la harusi yao. Mkurugenzi wa wakati ule alisema kwenye hotuba kwamba ni ndoa ya kwanza anayoijua iliyopitishwa kwa majaribio ya maji.

Wote mnaijua Njia ya Mto, ile inayoanzia nyuma ya soko, ikapita bustani za mboga na kuteremka hadi kingo za mto ambako tumeweka mabenchi. Ni njia nzuri kuliko zote tulizo nazo, na nasema hivyo nikiwa mtu wa maua. Shida yake ilikuwa pikipiki. Wenye haraka waligundua kwamba inawapunguzia mzunguko wa barabara kuu, wakaanza kupita mbio wakipiga honi, na wenye miguu yao wakawa ndio wanaoruka kichakani. Tuliweka vibao. Vibao, kama nilivyokwisha kueleza, havina miguu ya kumkimbiza mtu.

Ndipo asubuhi moja pikipiki ikamgonga Bibi Maziwa. Huyu ni mama mzee aliyekuwa akipita njia hiyo kila siku kupeleka maziwa kwa wateja wake wa ng'ambo, na akimaliza hukaa kidogo kwenye benchi la mtoni kabla ya kurudi. Alivunjika nyonga. Aliyemgonga hakusimama. Shangazi alikwenda hospitali siku hiyohiyo, akiwa na matope ya kazi, na akamwahidi bibi mbele ya wajukuu zake kwamba hakuna pikipiki itakayopita tena pale.

Ahadi aliitimiza. Yeye na mumewe walikaa karakana wakachora geti jipya. Unaingia kwenye kizimba chembamba cha chuma, unasukuma mlango, unajigeuza, unatokea upande wa pili. Mtu mwenye mzigo kichwani anapita bila taabu. Pikipiki haigeuki mle hata uiimbie. Shangazi aliyapima mageti yote ya njia hiyo kwa ndoo na bega lake likabaki kavu. Siku ya uzinduzi Bibi Maziwa aliletwa kwa gari, akakata utepe, tukampigia makofi, mkurugenzi akampa shada la maua yaliyotoka kitalu changu. Pikipiki zikakoma. Watu wa idara nyingine wakaja kuyatazama mageti yetu na kuyapiga picha. Kama wasifu huu ungeandikwa wakati ule, ungeishia hapo na sote tungekula keki.

Miaka michache baadaye Fundi Cheche alipata kiharusi. Upande wa kulia ulilala, na mkono ule uliokuwa ukichora mstari wa moto kwenye chuma ukawa unashikiliwa na mkono mwenzake ili usianguke pajani. Tulimzoea akiwa mtu wa kelele na mzaha. Alikaa nyumbani akatazama ukuta. Daktari wa mazoezi alishauri atolewe nje, apate upepo. Shangazi alingoja Jumapili, akamvisha shati la kutokea, akamsukuma kwenye kiti cha magurudumu kuelekea mtoni.

Walifika geti la kwanza wakakwama. Kiti hakikuingia kizimbani. Shangazi alijaribu kukipitisha ubavu, akajaribu kinyumenyume, gurudumu likabana kwenye bomba la kizimba. Wapita njia wawili wakajitolea kumnyanyua na kumvusha juu ya geti. Fundi akakataa, akawaambia yeye si gunia. Halafu akaweka kiganja chake cha kushoto kwenye chuma, akakisugua pale penye alama ya kuchomelewa, akacheka. “Kazi safi hii,” akamwambia mkewe. “Hata mimi mwenyewe sipiti.” Shangazi anasema angempigia kelele angevumilia. Kile kicheko ndicho kilichomshinda. Wakarudi nyumbani.

Alitaka kulikata geti lile kesho yake. Aliyemzuia ni mumewe. Fundi alimwambia kwamba mkuu wa kitengo hakati geti la umma ili mume wake akapunge upepo. Watu watasema kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na watakuwa hawajakosea. Tena akamkumbusha ahadi ya hospitali. Pikipiki zikirudi na kumgonga mtu mwingine, atakwenda kuwaambia nini wajukuu wa yule bibi? Kwa majuma kadhaa tulimwona ofisini akikoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha kuyeyuka zamani. Mama yule aliyekuwa na neno kwa kila jambo alikuwa akijibu ndiyo na hapana. Iliniuma kumwona hivyo, kwa sababu kila upande aliogeukia alikuwa na haki na alikuwa na kosa.

Mwishowe alituita wasimamizi wote, akatueleza kila kitu bila kujificha, pamoja na habari ya mumewe. Alisema anataka mageti yale yabadilishwe lakini haamini nia yake mwenyewe, hivyo anaomba tumwambie tunavyoona sisi. Tukamwambia. Wengi tulipinga. Hakuna aliyekuwa tayari kubeba lawama ya mtu mwingine kuvunjwa nyonga, na hakuna aliyejua geti linalomkubali mwenye kiti na kumkataa mwenye pikipiki. Akatusikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kuna mtu mmoja tu mwenye haki ya kumfungua kwenye ile ahadi, na akaomba gari.

Yaliyotokea kwa Bibi Maziwa tunayajua kupitia dereva, ambaye aliambiwa angoje garini na hakungoja garini. Bibi alikuwa amekaa barazani, amejishikilia kwenye kile chuma cha miguu minne alichopewa hospitali. Waliulizana hali. Shangazi akaeleza shida yake kwa kuzunguka sana, kama mtu anayeomba kitu kikubwa. Bibi akamsikiliza, halafu akamwambia, “Mwanangu, mimi mtoni sijafika tangu siku ile ya utepe.”

Shangazi akamuuliza sababu. Bibi akagonga chuma chake sakafuni. Hiki hakigeuki kwenye kile kizimba, akasema. Alikuwa amejaribu mara ya kwanza akafikiri hajui namna yake, akajaribu mara ya pili mjukuu akamshika, akaona ataanguka, akarudi. Maziwa sasa hupelekwa na mkwe wake kwa barabara kuu.

“Sasa kwa nini hukusema, bibi?”

“Ningesemaje? Mmenijengea geti, mmeniletea gari, mkubwa wenu kanipa maua. Mtu akikuletea nguo kwa upendo, utamwambia hainienei?”

Dereva anasema Shangazi alilia njia nzima ya kurudi. Shangazi anasema ilikuwa mafua. Sisi tumemjua dereva kwa uwongo mwingi, ila katika hili tunamwamini.

Tangu hapo hakukoroga chai tena. Alituambia kwamba tumekuwa tukikaa getini na kuwauliza wanaopita kama wanapita vizuri, na wote wamejibu ndiyo, kwa sababu waliozuiwa hawapo getini kuulizwa. Wako majumbani. Basi akatutuma majumbani, na yeye akatangulia. Tulimkuta mama wa mapacha ambaye kigari chake hakikupenya. Tulimkuta mwalimu mstaafu wa magongo mawili, mtu wa shingo ngumu, ambaye alikuwa ameamua tu kwamba hapendi mto. Tulimkuta kipofu aliyezoea kushika bega la mkewe, na kizimba kile hakina nafasi ya watu wawili. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na sisi idara nzima tulikuwa tumekipiga picha hicho kitanda na kujisifu.

Aliporudi kumsimulia mumewe habari ya Bibi Maziwa, Fundi aliomba apelekwe karakana. Hapo sasa ni kazi ya umma, alisema. Mkono wake wa kulia haukuweza kushika mashine, lakini wa kushoto uliweza kushika chaki. Alikaa katikati ya karakana kwenye kiti chake, akachora sakafuni duara la mzunguko wa kiti kile, akawaambia mafundi kwamba geti lizaliwe kutokana na duara hilo, chuma kitafute nafasi iliyobaki. Aliwagombeza kama zamani. Walifurahi kugombezwa hivi kwamba mmoja alikosea kwa makusudi.

Upimaji nao ulibadilika. Ndoo haikuondolewa, lakini baada ya ndoo anayekagua hukaa kwenye kiti cha magurudumu cha kitengo na kupita peke yake, bila kusukumwa wala kuhurumiwa. Utaratibu huo hauna mkubwa. Mkurugenzi wetu alijitolea kulijaribu geti la mfano mbele ya wageni, akakwama nusu ndani nusu nje na miwani ikamdondoka. Shangazi alikataza mtu yeyote asimsaidie. Komeo likashushwa kwa kipimo cha mkono wa mkurugenzi, na hapo ndipo lilipo hadi leo.

Je, pikipiki? Zilirudi baadhi. Wasifu huu usingekuwa wa kweli kama ungesema vingine, na Shangazi mwenyewe aliniagiza nisilifiche. Hakuna geti linalomjua mtu mwema na mbaya. Alikwenda kijiweni kwa waendesha pikipiki, akazungumza na mwenyekiti wao, na mwenyekiti akawabana vijana wake kwa kiasi anachoweza. Tukaweka matuta ya kokoto. Lakini ulinzi mkubwa umetoka mahali tusipopatazamia. Bibi Maziwa amerudi kwenye benchi lake la mtoni, na njiani kila asubuhi hupumzika kando ya geti la kwanza. Pikipiki ikitokea, huinua kile chuma chake chote cha miguu minne hewani. Dereva wa pikipiki aliyewahi kuambiwa na bibi yule, “Nyonga ya kwanza mlishachukua, mnakuja kuchukua ya pili?” huwa hapiti tena. Bado wapo wachache wanaopita mapema kabla bibi hajafika. Mrithi wa kiti cha Shangazi anakabidhiwa kazi hiyo ikiwa haijakwisha, na amefahamishwa hivyo.

Wenzake wa kitengo wameniomba niseme pia juu ya madaraja ya bondeni yaliyohimili mafuriko, juu ya wafyekaji aliowapigania wapate glavu na chai ya saa nne, juu ya wanawake aliowafundisha kushika sururu na ambao leo ni wasimamizi. Nimesema. Yapo mengi zaidi, na walioyaona wayasimulie wenyewe siku ya sherehe, maana mimi nimepewa kurasa hizi tu na tayari nimezila.

Ila nitamaliza kwa hili. Geti la kwanza jipya liliposimikwa na kukauka rangi, Shangazi alimleta mumewe alifungue. Alikuja akimsukuma kama siku zote. Walipofika, Fundi akamwambia, “Mkuu, achia mikono.” Akaachia. Fundi akausukuma mlango kwa kiwiko cha kushoto, akaingia, akajizungusha polepole, mlango ukajifunga nyuma yake. Tulidhani atageuka atupungie mkono. Hakugeuka. Njia pale inateremka kidogo, kiti kikashika mwendo, naye akaenda zake hadi mtoni akiwa peke yake, mara ya kwanza kwenda mahali popote peke yake tangu alipougua. Shangazi alibaki amesimama huku ng'ambo ya geti, mikono bado iko mbele kana kwamba imeshika kitu. Nilimuuliza kama tumkimbilie. Akatikisa kichwa. Akasema amengoja muda mrefu sana kuachwa nyuma namna ile.

Shangazi, idara inakushukuru, vibarua wanakushukuru, na kitalu cha miche, kwa shida, kinakushukuru. Njia zako tutazifyeka. Maisha mema tunakutakia wewe na nyumba yako, afya iwepo, na asubuhi zisizo na haraka. Fundi Cheche yuko mtoni tayari, anakungoja. Mfuate, huku tupo.